Jiko la Chuma au la Udongo

Alipokubali kuwa katibu wa chama cha wafanyabiashara wadogo wa mpakani, aliambiwa ni kwa miezi mitatu tu, mpaka apatikane mtu. Miaka kumi na minne baadaye mtu huyo alikuwa bado hajapatikana. Kila mwaka, kwenye mkutano mkuu, mwenyekiti alisimama na kuuliza kama yupo anayeutaka ukatibu, na wanachama wote wakaanza kutazama viatu vyao kana kwamba wamevinunua asubuhi hiyo. Mwisho wake alikuwa anaandika mwenyewe, kwa mkono wake, kwamba katibu amechaguliwa tena bila kupingwa.

Watu walimwita Mama Muhuri, maana muhuri wa chama haukutoka mkobani mwake. Alitembea nao umefungwa ndani ya soksi ya mtoto, na alikuwa na sababu. Mwaka fulani mwenyekiti aliuazima kwa dakika tano, akaenda kuugonga kwenye kadi mia tatu za harusi ya binti yake ili zionekane rasmi. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo wageni wa harusi walikuwa wakija ofisini kuuliza kama na wao sasa ni wanachama.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi na misumari la mwenyekiti huyo huyo. Harufu ya rangi ilipanda ngazi na kukaa humo kama mpangaji. Kulikuwa na meza moja, viti vinne visivyofanana, kabati la chuma ambalo droo yake ya tatu iligoma kufunguka, na dirisha lililotazama barabara ya kwenda kwenye kizuizi cha mpaka. Kutoka dirishani aliona foleni ya malori, na pembeni yake foleni ya pili, ya watu wenye mikokoteni, baiskeli na mizigo ya kichwani. Foleni hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa yake.

Aliijua kwa sababu kabla ya hapo, kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa mpiga chapa wa wakala mmoja wa forodha. Alipiga chapa karatasi za wenye malori, na malori yakapita ndani ya saa moja, huku kwa jicho la pembeni akimwona mama mwenye maboksi matatu ya sabuni akishinda juani siku mbili kwa sababu kwenye fomu aliandika jina lake palipotakiwa jina la bidhaa. Lilimkera. Akaanza kuwajazia watu fomu kimyakimya wakati wa mapumziko ya mchana, na bosi wake alipogundua akamwambia achague. Akachagua. Mumewe, fundi cherehani aliyeshona sare za shule barazani kwao, alisema siku ile kwamba kuna watu huacha kazi ili wapumzike, na kuna mke wake.

Kazi ya chama ilielezeka kwa maneno machache. Nchi zile mbili zilikubaliana kwamba bidhaa ndogondogo zinazotengenezwa upande huu au ule zipite bila ushuru, mradi ziwe kwenye orodha na ziwe na cheti cha asili, yaani karatasi ya kuonyesha kwamba zimetengenezwa hapa hapa na hazikuletwa kutoka mbali. Chama kiliwajazia wanachama vyeti, kikavigonga muhuri, na mtu akikwama kikaenda kumsemea. Kuieleza kazi hiyo kulikuwa rahisi. Kuifanya ndiko kulikomzeesha. Kulikuwa na muuza mishumaa aliyevusha katoni thelathini Jumatatu kwa cheti alichojaziwa, na Jumanne akasimama mlangoni kuuliza, "Hivi hiki chama kinatusaidia nini hasa?" Kulikuwa na fundi viatu aliyeandika "sijui" kwenye kila nafasi ya fomu, hata palipoulizwa jina la baba. Na kulikuwa na shemeji yake.

Shemeji huyo, mdogo wa mume wake, alikuwa fundi majiko. Alikata bati kutoka kwenye mapipa makuukuu ya mafuta, akalikunja, akalitia miguu na vishikio, kisha ndani akapachika bakuli la udongo alilofinyanga na kulichoma mwenyewe. Majiko yake yalitunza moto, hilo hakuna aliyelibishia, na upande wa pili wa mpaka yaligombaniwa. Lakini alikuwa mtu wa kichwa kigumu. Alijiunga na chama kwa ajili ya muhuri tu. Mikutanoni hakukanyaga. "Mikutano ni ya watu wasio na kazi," alisema, tena alilisema sebuleni kwa kaka yake, akinywa chai ya katibu.

Jumanne moja, kwenye saa tano asubuhi, alipanda ngazi za ofisi mbili mbili, mikono myeusi kwa masizi mpaka kwenye viwiko.

"Shemeji, wamenizuilia majiko."

"Nani tena?"

"Wale wa upande wa pili. Majiko mia mbili na arobaini. Yote wameyaweka bandani. Afisa anasema ni chuma."

"Kwenye cheti si tuliandika udongo?"

"Uliandika wewe. Mimi niliweka saini tu."

Ni kweli aliandika Mama Muhuri mwenyewe. Kwenye orodha iliyobandikwa forodha ya upande wao, majiko ya aina ile yaliwekwa chini ya vyombo vya udongo. Akachukua mkoba, akafunga ofisi, wakavuka.

Afisa wa upande wa pili alikuwa kijana mpole na nadhifu, kalamu tatu mfukoni zimepangwa kwa urefu. Wafanyabiashara walimwita Bwana Utaratibu, kwa sababu hakuweza kusema maneno kumi bila neno hilo kuwamo. Upole wake ndio uliokuwa mbaya. Mtu akikufokea unaweza na wewe kumfokea. Huyu alikuvutia kiti.

"Karibu, mama, keti. Utaratibu ni huu: kwenye orodha yetu jiko liko kwenye bidhaa za chuma. Na bidhaa ya chuma lazima iwe na karatasi ya kiwanda kilichotoa hicho chuma."

"Bwana afisa, chuma hiki kilikuwa pipa la mafuta."

"Vizuri. Basi lete karatasi ya pipa."

"Pipa limeokotwa!" akadakia shemeji. "Nani anaandikishana karatasi na jalala?"

Mama Muhuri akamkanyaga mguu chini ya meza, akaomba waletewe jiko moja. Lilipoletwa, afisa aliligonga ubavuni kwa kalamu. Likalia, ngo!

"Umesikia, mama? Linalia bati."

Mama Muhuri akaingiza mkono ndani, akagonga kwa ukucha. Likatoa sauti nzito. "Na hapa je?"

"Hapo umegonga ndani."

"Na moto unawashwa nje au ndani?"

Afisa akatabasamu kwa huruma. Mama Muhuri akaomba mizani. Shemeji akalifumua jiko kwa bisibisi, huku akiguna kama anayeng'olewa jino, wakapima bati peke yake na udongo peke yake. Bati lilikuwa kilo moja na robo. Udongo ulikuwa kilo nne na nusu. Mama Muhuri akashika kiuno.

"Haya, sasa sema mwenyewe."

"Sikatai, mama. Udongo ni mzito. Lakini utaratibu haukusema kitu kuhusu uzito. Unasema kile kinachoonekana."

Wakarudi na jiko lao moja lililofumuliwa, bati kwapani kwa shemeji na bakuli mikononi mwa katibu.

"Ungeandika chuma," shemeji akasema njiani.

"Ningeandika chuma wangekuzuia upande wetu."

"Basi ungeandika vyote viwili."

"Nafasi ya kuandika ni moja!" akapaza sauti, na foleni nzima ya wenye mikokoteni ikageuka kumtazama.

Mwenyekiti aliipokea habari hiyo akiwa nyuma ya kaunta yake, anakoroga rangi ya kijani kwa kijiti. "Hili ni jambo kubwa," alisema kwa raha, maana mambo makubwa yalimpendeza. "Tuandae warsha."

"Warsha ya nini, mwenyekiti? Majiko yako bandani."

"Warsha ya kuhamasisha. Tuwaalike wadau."

Mama Muhuri akafumba macho. Neno wadau lilikuwa likimpa kiungulia. Mwenyekiti alikuwa bingwa wa makongamano. Kila aliporudi alileta kofia, kalamu na picha yake akiwa amesimama karibu na mtu muhimu, lakini neno hata moja lililosemwa huko hakuwahi kulileta. Alipofumbua macho, akitafuta mahali pa kutazama pasipokuwa uso wa mwenyekiti, aliona kitabu chembamba kimetandikwa chini ya kopo la rangi ili kaunta isichafuke. Kwenye jalada, katikati ya duara jeupe la rangi iliyokauka, palisomeka: Orodha ya Pamoja ya Bidhaa.

Akalinyanyua kopo, akakifungua kitabu. Kurasa zilikuwa zimegandana, ikabidi aziachanishe kwa kucha. Mstari wa arobaini na saba ulisema: "Majiko ya mkaa yenye bakuli la udongo, hata kama yamevikwa bati." Yalihesabiwa bidhaa za asili, bila karatasi ya kiwanda chochote. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na saini za mawaziri wa nchi zote mbili, na tarehe ya miaka miwili na miezi minne iliyopita.

"Hiki umekuwa nacho tangu lini?"

"Kipi? Aa, hicho. Walitugawia kwenye kongamano. Nilikuwa na nia ya kukuletea."

"Mwenyekiti, kutoka hapa mpaka mezani kwangu ni ngazi kumi na saba."

"Si unalijua goti langu."

Mama Muhuri akakitia kitabu mkobani, akaondoka.

Mchana ule ule akavuka, karibu akikimbia. Bwana Utaratibu alikisoma kitabu ukurasa kwa ukurasa, akakifunga, akakiweka sawasawa na ukingo wa meza.

"Kizuri sana hiki, mama. Ila hakijanifikia."

"Si hicho umekishika?"

"Nimekishika, lakini hakijanifikia kwa utaratibu. Kimeletwa na wewe. Tena kina rangi."

"Kina saini ya waziri wako!"

"Naiona, wala siikatai." Akapunguza sauti. "Mama, nikikipokea mkononi mwako leo, kesho mwingine ataniletea cha kwake alichochapisha nyumbani. Iko kamati ya mpaka. Vyama vya pande zote mbili vikiiomba pamoja kwa maandishi, lazima ikae. Chama cha huku kwetu kikiweka kitabu hiki mezani pale, basi kimenifikia. Na mimi mwenyewe nitafurahi, maana bandani kumejaa mpaka sina pa kupita."

Kilichomuudhi kuliko yote ni kwamba aliona wazi kijana anasema kweli.

Chama cha huku. Hapo ndipo palipokuwa pagumu, maana yeye na katibu wa chama hicho walikuwa hawajasemeshana kwa miaka mitatu. Mayai ndiyo yaliyowagombanisha. Mayai ya mwanachama mmoja wa yule bwana yalizuiliwa siku nne upande wa Mama Muhuri, kwenye joto kali, kwa kisingizio kwamba trei hazina kibandiko. Yule katibu akamwandikia Mama Muhuri waungane kulalamika. Hakujibu. Wafugaji wa kuku wa upande wake walikuwa wanachama wake, nao walifurahi chini kwa chini mayai ya jirani yalipoharibika. Walimwambia, "Mama, hili lisikuhusu." Naye akaliacha lisimhusu. Tangu hapo, kila jambo lile lilipomjia akilini, alitafuta haraka kitu kingine cha kufikiria.

Katibu wa ng'ambo alikuwa mtu mzima mwembamba aliyewahi kuwa mpima mizani kwenye ghala la nafaka. Ofisi yake ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, na kila kitu humo, kuanzia kalenda mpaka nyusi zake, kilikuwa na unga. Mashine ilinguruma kiasi kwamba meza ilikuwa inatembea. Alimwacha mgeni akae dakika arobaini nzima huku yeye akichonga penseli moja. Mwishowe akapaza sauti:

"Umekuja kwa habari ya mayai?"

"Nimekuja kwa habari ya majiko!"

"Sisikii!"

"Majiko!"

"Mayai?"

"Haya basi, mayai!" Mama Muhuri akasimama, uvumilivu umemwishia. "Nilikosea! Ile barua nilitakiwa kuisaini na sikuisaini! Nilikosea kuhusu mayai!"

Mwenye mashine alizima injini katikati ya maneno hayo, na yaliyobaki yakasikika uani kote. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya kusaga wakanyoosha shingo.

Katibu akavua miwani, akaipangusa unga. "Trei mia moja na tisa," alisema polepole. "Mwenye mayai alikuwa mkwe wangu."

"Sikujua."

"Hukuuliza, dada yangu."

Kisha yule bwana akashusha pumzi, akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoa dekio jipya la kupigia deki, lenye mpini wa mbao na kichwa cha nyuzi za pamba.

"Hebu niambie, hili ni la mbao au la pamba?"

Mama Muhuri akaanza kuelewa. "Usiniambie."

"Nakwambia. Forodha yenu wanasema ni mbao. Wanataka kibali cha kukata miti. Madekio mia nne yako kwenu tangu mwezi jana, na mipini yenyewe tunainunua kwenu huko huko!"

Alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Yule bwana naye akacheka, unga ukamdondoka kwenye nyusi. Mama Muhuri akafungua kitabu chake chenye duara jeupe, akamwonyesha mstari wa hamsini na mbili: "Madekio ya aina zote."

"Sijawahi kukiona kitabu hiki," alisema katibu. "Mwenyekiti wangu alikwenda kwenye kongamano hilo. Alirudi na kofia."

Mtu angedhani mambo yaliishia hapo. Wapi! Kuandika barua kulichukua siku mbili, kwa sababu hawakukubaliana chama cha nani kitangulie kwenye kichwa cha barua. Mwishowe waliandika barua mbili zenye maneno yale yale, kila mmoja akatangulia kwenye yake. Kamati ikapangwa wiki ya tatu. Ikaahirishwa, maana wenyeviti wote wawili walikuwa wamesafiri kwenda kwenye kongamano la kuharakisha biashara mipakani. Ikapangwa wiki ya tano. Ikaahirishwa tena, maana chumba cha mkutano kilikuwa kinapakwa rangi, na rangi ilitoka dukani kwa mwenyekiti.

Wakati huo wote shemeji hakuacha kufanya kazi. Yaliyozuiliwa yalizuiliwa, yeye aliendelea kutengeneza mengine, akayapanga uani, akayapanga ukumbini, akayapanga chumbani. Mama mkwe alipiga simu kila Jumapili.

"Mwanangu, mdogo wa mumeo analala katikati ya majiko. Si wewe ndiye mwenye muhuri?"

"Ndiyo, mama."

"Basi gonga."

"Sio hivyo, mama. Muhuri wangu unaishia kwenye kizuizi."

"Sasa ni muhuri gani huo?"

Mumewe naye hakumsaidia. Alianza mtindo wa kuuliza, akisikia hodi, kama aliyebisha ni mtu au ni jiko. Jioni moja Mama Muhuri aliketi kwenye kigoda barazani, akamwambia kwamba anaacha ukatibu, safari hii kweli. Mume akaendelea kupinda ukosi wa shati.

"Barua nikuandikie mimi?"

"Nitaandika mwenyewe. Wewe hujui kuweka nukta."

Akaandika, ukurasa mmoja na nusu, hakubakiza kitu. Asubuhi akaenda nayo ofisini ili aigonge muhuri na kuikabidhi, akakuta watu sita wamekaa ngazini wakisubiri vyeti. Mpaka anamalizana nao ilikuwa saa tisa alasiri, na barua yake alikuwa ameiingiza kwenye faili la mtu, asijue la nani. Aliitafuta kidogo, kisha akaona hata hiyo ni kazi nyingine.

Kamati ikakaa wiki ya saba, siku ya Jumatano. Ilikuwa na meza ndefu, maafisa wawili wa forodha, mmoja wa kila upande, wenyeviti wawili wenye kofia zinazofanana, na makatibu wawili. Mama Muhuri aliweka jiko juu ya meza. Mwenzake akaweka dekio. Wenyeviti wakaanza kuhutubia juu ya udugu wa mataifa, na wa kwanza alipofika dakika ya ishirini, katibu wa ng'ambo alisimama bila kuomba ruhusa, akakisukuma kile kitabu mpaka mbele ya Bwana Utaratibu.

"Chama cha huku kinakiwasilisha," alisema.

Bwana Utaratibu alisoma mstari wa arobaini na saba kwa sauti. Akausoma tena. Akachomoa kalamu ndefu kuliko zote, akaandika tarehe.

"Sasa kimenifikia," alisema, na uso wake ukakunjuka kama wa mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

Afisa wa upande wa Mama Muhuri, mama mmoja mzito wa kuongea, alitazama mstari wa hamsini na mbili, akalitazama dekio, akauliza neno moja tu: madekio yachukuliwe leo au kesho?

"Leo!" wakajibu makatibu kwa pamoja.

Majiko yalitoka alasiri ile. Mazima yalikuwa mia mbili na thelathini. Tisa yalipasuka, kwa sababu paa la banda lilivuja na mvua ilinyesha mara mbili. Shemeji aliyapanga yale tisa kwenye mstari, akayazunguka, akamgeukia katibu.

"Na haya nani atayajibia, shemeji? Wiki saba zote hizo, chama kinafanya nini?"

Kwa miaka kumi na minne Mama Muhuri alikuwa amemeza mengi. Hili halikumezeka.

"Nikwambie chama kinafanya nini? Chama kimepima jiko kwa mizani mbele ya watu. Chama kimeomba radhi kwa mayai, mbele ya foleni nzima ya kusaga. Chama kimemsikiliza mama yako Jumapili saba! Chama si mimi na soksi yangu, chama ni wewe! Ungekuja kwenye mkutano hata mmoja, ukasimama na jiko lako, ukasema hili ni udongo, jamani, nimelifinyanga kwa mikono yangu hii, huenda kuna mtu angekumbuka kuuliza orodha mpya iko wapi. Mimi nisingeikuta chini ya kopo la rangi! Sasa beba majiko yako."

Wapagazi wakaacha walichokuwa wakifanya. Shemeji akabeba majiko yake, mawili mawili, bila kuinua macho, na yalipokwisha akayabeba hata yale tisa.

Kesho yake alipanda ngazi za ofisi, safari hii moja moja, akaweka jiko jipya sakafuni. "La kuchemshia chai ya mkutano," alisema, akageuka na kuondoka. Asante hakusema. Mkutano uliofuata alikuja, akakaa mstari wa pili, akalala usingizi kuanzia ajenda ya kwanza mpaka ya mwisho. Lakini alikuja.

Makatibu wale wawili waliona hawawezi kungoja kamati kila kitu kikikwama. Wakaomba meza moja chini ya kibanda cha bati kando ya kizuizi, na kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi wakakaa hapo pamoja, wakiwajazia fomu watu wa pande zote, huyu akijua ya huku, yule ya kule. Waligombana tangu asubuhi mpaka wanafunga, kuhusu kalamu, kuhusu kivuli, kuhusu nani anaandika vibaya. Wafugaji wa kuku walipanda kwa Mama Muhuri kulalamika kwamba amewafungulia mlango wenye mayai. Aliwauliza wanataka kuwauza wapi vifaranga wao, kama si huko huko mayai yanakotoka. Waliondoka wamenuna. Baada ya miezi miwili walikuwa wakivusha vifaranga kwa maboksi, na bado walikuwa wamenuna.

Alhamisi moja alirudi nyumbani alasiri, vumbi mpaka kwenye kope, akajitupa kwenye kigoda. Mumewe alikuwa anakata kitambaa.

"Leo vipi?"

"Wamepita watu thelathini na mmoja. Mmoja karudishwa."

"Kakosa nini? Cheti?"

"Cheti anacho. Nakala tatu, saini, muhuri, kila kitu mahali pake. Bwana Utaratibu alikuwa karibu kumpigia makofi." Akavua kiatu kimoja, akakiangalia, akakiweka chini. "Kasahau mzigo nyumbani."

Mume aliweka mkasi chini, akacheka mpaka akashika ukuta. Yeye hakucheka.

"Cheka tu," alisema. "Kesho anakuja nimjazie kingine, maana hiki kina tarehe ya leo."